Muulize Fundi: Banda dogo, kwa nini msingi wa ghorofa?

Masika yanakaribia na Tanga watu wanajenga. Meseji za mwezi huu karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, kwamba nina kijengo changu kidogo uwani, cha kuku, cha stoo, fremu, jiko la nje, sasa chini niweke nini ambacho hakitanimaliza hela sa hivi na hakitanitia hasara baadae. Nimechagua chache zenye udongo tofauti na jengo tofauti maana jibu la mtu wa Sahare halimfai kabisa mtu wa Pongwe. Kitu kimoja naomba tukishike kabla hatujaanza: msingi unachaguliwa kwa kuangalia ukuta utakaokaa juu yake na maji yanayopita chini yake, hauchaguliwi kwa mazoea ya fundi. Na hesabu zangu nazitoa kwa mifuko ya saruji ya kilo 50, sio kwa shilingi, kwa sababu bei zinapanda na kushuka lakini zege likihitaji mifuko mitatu ni mitatu tu.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Mikanjuni, nataka banda la mbao na bati, mita 3 kwa 4, nusu kuku nusu stoo ya chakula chao. Uwani kwangu panateremka kuelekea kwa jirani na mvua ikinyesha maji yanapita hapo hapo. Fundi kaja kapima, kaniandikia msingi wa mawe kuzunguka pande zote halafu jamvi (sakafu ya zege) juu, saruji peke yake mifuko 18 na lori la mawe. Mbao na bati zote hazifiki hela hiyo. Mwengine kaniambia nichimbie tu magogo ardhini nipigilie. Nimsikilize nani? (Mama wa Mikanjuni)

JIBU: Marahaba bibie. Wala huyo wa kwanza wala huyo wa pili.

Fundi wa mawe hajakosea hesabu, nimeipitia, banda la ukubwa huo mzunguko wake ni mita 14, ukimwaga zege la chini, ukapanga mawe, ukamaliza na jamvi la sentimita 10, mifuko 18 inakwenda kweli. Shida ni kwamba huo ni msingi wa nyumba ya tofali na wewe huna tofali hata moja. Hebu tulipime banda lako. Mbao zote tuseme kilo 400, bati za paa hazifiki kilo 60, mifuko kumi ya chakula ni kilo 500, kuku mia wakubwa kama kilo 200, na nyie wawili mmeingia kuokota mayai. Kwa ukarimu kabisa tunafika tani moja na nusu. Sasa ukiliweka juu ya nguzo fupi tisa za zege, tatu kwa tatu, ile ya katikati ndio inabeba zaidi, labda kilo 375, na kitako chake kikiwa sentimita 40 kwa 40 basi mtu mzima wa kilo 70 akisimama kwa mguu mmoja anaikandamiza ardhi pale alipokanyaga kuliko hiyo nguzo. Yaani uzito sio tatizo lako bibie. Matatizo yako ni matatu: maji, mchwa na upepo, na hela yako iende huko.

Maji kwanza maana ndio umeyataja mwenyewe. Ukijenga ukuta wa mawe kukatisha njia ya maji umejenga bwawa, yatakusanyika upande wa juu, yatatafuta pa kupita, yatachimba pembeni mwa msingi au yatageuka yote kwa nguvu yaende kwa jirani, na hapo mtaanza maneno. Ukiweka nguzo maji yanapita chini ya banda kama yalivyozoea, kuku wako juu wako pakavu na kinyesi unakifagia. Kwa mteremko kama wako nguzo ni nzuri kuliko mawe hata kama hela ingekuwepo.

Namna ya kufanya. Piga vigingi na uzi upate mraba wako, pima toka kona mpaka kona, kwa mita 3 na 4 huo mshazari lazima utoke mita 5 kamili pande zote mbili, ukitoka tofauti banda limepinda. Nguzo zikae kila mita 2 kwa upande mrefu na kila mita moja na nusu kwa upande mfupi. Kwangua udongo wa juu wenye mizizi na majani, chimba shimo la sentimita 45 kwa 45, teremka mpaka ukute udongo mgumu. Utaujuaje? Chukua kipande cha nondo ya milimita 12, kikandamize kwa mkono, kikizama kirahisi endelea kuchimba, kikikataa umefika. Sehemu nyingi itakuwa kati ya sentimita 40 na 60. Chini shindilia vizuri kwa gogo, na hili nasisitiza, ukizidisha kuchimba usirudishe udongo kusawazisha, jaza zege, udongo uliorudishwa utatitia tu hata uupige vipi.

Kitako kiwe na unene wa sentimita 20, zege la ndoo moja saruji, mbili mchanga, nne kokoto, maji kiasi cha kulainika tu, lisiwe uji. Shina la nguzo unaweza kulimwagia ndani ya kipande cha bomba la inchi 6 la maji machafu, unaliacha hapo hapo. Katikati simamisha nondo au bapa la chuma lenye matundu litokeze juu, hilo ndio litashika mbao. Vichwa vya nguzo vyote vipate levo moja kwa mpira wa maji, nguzo za upande wa chini wa mteremko zitakuwa ndefu na za juu fupi, ila hata ile fupi kabisa isipungue sentimita 30 toka ardhini. Vikilowekwa na magunia mabichi siku saba vinakuwa imara.

Saruji jumla? Vitako tisa na mashina yake havifiki nusu mita ya ujazo, ni mifuko mitatu, nunua minne uwe na akiba. Toka kumi na nane mpaka minne.

Mchwa sasa, na Tanga hii na joto lake sihitaji kukueleza. Kabla mbao haijakaa juu ya nguzo weka kipande cha bati pana kuliko kichwa cha nguzo, pembe zake zikunjwe kidogo kuelekea chini. Bati halimuui mchwa, ila linamlazimisha ajenge kinjia chake cha udongo nje ambapo unakiona na unakibomoa. Ndio maana nimesema sentimita 30, pawe na nafasi ya kuinama na kuchungulia kila mwezi. Mbao zipake dawa kabla ya kupigiliwa sio baada.

Upepo: banda jepesi lililoinuliwa likipigwa na kusi linataka kuondoka, na paa la bati ndio linaanza. Kila nguzo yako na kitako chake ina karibu kilo 100, zote tisa kilo 900 zimekaa ardhini na udongo juu yake, lakini hazikusaidii kitu kama mbao imewekwa juu tu na msumari. Ndio kazi ya lile bapa, bolti ipite kwenye mbao ya chini, mbao ya chini ifungwe na nguzo za ukuta, nguzo za ukuta na kenchi (mbao zinazobeba paa), iwe cheni moja mpaka juu. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilipiga zaidi Mafia na pwani ya huko kusini, sisi tulinusurika, lakini bahari ni hii hii.

Mbao za chini zinazopita juu ya nguzo ziwe za inchi 2 kwa 6, na ule mstari wa katikati weka mbili zimebanwa pamoja kwa sababu stoo ya chakula ni nzito, juu yake 2 kwa 4 kila sentimita 50.

Na huyu wa pili wa kuchimbia magogo, njia yake ni rahisi kweli na inasimama miaka michache, lakini mti unaoza pale pale usawa wa ardhi, hewa na unyevu vinapokutana, juu mzima chini mzima katikati umekwisha. Kama hela ni hiyo tu basi tafuta nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa kiwandani, aina ya zile za umeme, chini ya shimo weka kokoto maji yachuje, na zege la pembeni lipandishe juu ya ardhi liwe na mteremko wa kumwaga maji nje. Usikubali mtu akuletee boriti za mikoko kwa bei ya chini, mikoko yetu ni hifadhi na bila kibali huo ni mzigo wa wizi.

SWALI: Kaka habari za kazi. Nina eneo Sahare, sio mbali na bahari, nataka fremu moja ya duka mbele ya nyumba, tofali za inchi 6, mita 3 kwa 3 na nusu, bati juu. Kiwanja chote mchanga, ukichimba kingo za shimo zinaanguka. Shemeji anasema mchanga haubebi kitu kwa hiyo niweke nguzo tu kila kona halafu tofali zipande. Na je huo mchanga wa uwani naweza kuutumia kwenye zege nipunguze gharama? (Msomaji wa Sahare)

JIBU: Salama kaka. Shemeji yako ana nia nzuri ila kachanganya mambo mawili.

Kwanza mchanga unabeba. Mchanga uliotulia na kubanwa ni udongo mzuri sana wa kujengea, ukititia unatitia mapema wakati bado unajenga, haukusumbui miaka mitano mbele kama mfinyanzi. Adui yake ni kuchukuliwa: maji ya paa yakidondoka pembeni ya msingi kila mvua yanauhamisha punje kwa punje, au jirani akichimba shimo lake pembeni mchanga wako unamiminika kwake. Kwa hiyo fremu yako ikiisha weka gata (mfereji wa kukinga maji ya paa), au kama hakuna basi sakafu ya zege ya nusu mita kuzunguka nje, na hiyo usiiahirishe mpaka ukipata.

Pili, nguzo peke yake kwenye ukuta wa tofali hapana. Mbao ikisogezwa chini kidogo inapinda inavumilia, ukuta wa tofali haupindi, unapasuka. Mita moja ya ukuta wako wenye kimo cha mita 2.7 ina karibu kilo 800, ukipiga plasta inakaribia tani. Hizo tani ni mstari mrefu na zinataka kitu kirefu chini yake, hauwezi kuzisimamisha juu ya kona nne na katikati pako wazi. Wapo wanaofanya nguzo na mkanda wa zege wenye nondo juu yake, ni sahihi kihandisi, lakini kwa mzunguko wa mita 13 utahitaji nondo ndefu tano, ringi, mbao za boksi na fundi wa nondo, na bado zege la mkanda ni karibu sawa na zege la msingi wa kawaida. Kwako mtaro wa zege kuzunguka ndio rahisi na ndio imara, vyote viwili.

Mtaro uwe na upana wa sentimita 45, kina 50 mpaka 60. Kingo zinaanguka kwa sababu mchanga umekauka, umwagie maji jioni na asubuhi uchimbe, na kingo zipe mteremko kidogo badala ya kung'ang'ania ziwe wima. Usiruhusu vijana wasimame ukingoni. Chini mwagia maji tena ndio ushindilie, mchanga mkavu haushindiliki, unacheza tu. Zege la chini la sentimita 15 kwa mchanganyo wa moja tatu sita (saruji, mchanga, kokoto), hilo litakula mifuko minne, mitano ukiwa na upotevu. Juu yake tofali za kulaza mpaka upate angalau sentimita 30 juu ya ardhi, maana mvua za mwezi wa nne hapo Sahare unazijua wewe kuliko mimi. Ndani jaza kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka maji na kushindilia, tandika nailoni nzito, halafu jamvi la sentimita 10, mifuko saba.

Nondo kwenye mtaro sio lazima kwa fremu ya chumba kimoja isipokuwa sehemu moja: kama kwenye mstari wa msingi kuna shimo la zamani. Hili nalisema kwa nguvu kwa wote wanaojenga viwanja vya zamani, Ngamiani, Makorora, Chumbageni, uwani mwa watu kuna mashimo ya vyoo yaliyofukiwa na takataka, kuna visiki vya minazi vimeoza chini. Tembea kwenye mtaro na ile nondo yako uchome kila nusu mita. Ukikuta pameingia ghafla chimba mpaka ufike chini ya huo uozo, jaza zege la mawe, halafu pitisha nondo tatu za milimita 12 zivuke pande zote mita moja kila upande. Hela utakayotumia hapo ni ndogo mno ukilinganisha na ufa unaopanda mpaka dirishani.

Mchanga wa uwani. Kwa kujazia chini ya jamvi tumia, huo ni wako bure. Kwenye zege lenye nondo usitumie, kwenye plasta usitumie. Mchanga wa karibu na bahari una chumvi, chumvi inakula nondo ndani kwa ndani, nondo ikishika kutu inavimba na kulipasua zege, na kwenye plasta inatoa ule unga mweupe na rangi inabanduka kila mwaka. Wa ufukweni ndio usiuguse kabisa, ule ndio unazuia bahari isitufuate. Nunua mchanga wa bara. Na ukiletwa, upime: jaza chupa ya maji nusu mchanga, ongeza maji, tikisa, acha masaa mawili matatu. Matope yatakaa juu kama tabaka, yakizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga mrudishie mwenye lori.

Jingine nje ya udongo. Fremu mbele ya nyumba maana yake inatazama barabara, kabla ya kumwaga saruji nenda kwa mtendaji wa mtaa uulize hifadhi ya barabara inaishia wapi na kibali kinapatikana vipi Jiji. Msingi mzuri uliowekewa X ya kubomolewa hauna faida.

SWALI: Fundi, tenki la plastiki la lita 2000, nataka kuliinua ili maji yafike bafuni. Nguzo nne za mbao zinatosha? (Kange)

JIBU: Hapana ndugu yangu. Lita moja ya maji ni kilo moja, hizo ni tani mbili zimesimama sehemu yenye upana kama wa meza, banda zima la yule mama wa Mikanjuni ni jepesi kuliko tenki lako. Na mbao zinazoloa kila tenki likifurika hazina muda mrefu.

Kama bafu liko chini na tenki litakaa usawa wa ardhi au tofali chache juu, mwaga jamvi la mita 1.6 kwa 1.6, unene sentimita 12, na wavu wa nondo za milimita 10 kila sentimita 20, ni mifuko miwili tu. Liwe tambarare kama kioo, kitako cha tenki kiguse chote, kokoto moja iliyotokeza inatosha kulitoboa baada ya mwaka.

Kama unataka presha ujue kwamba kila mita moja ya kuinua inakupa presha kidogo sana, bafu la kumwagikia vizuri linataka kama mita mbili juu ya bomba lenyewe na zaidi. Hapo unajenga mnara wa tofali au wa zege na nguzo zenye nondo, na huo sio wa kubahatisha, mlipe fundi anayejua nondo. Wengi wanajenga duara la tofali wanajaza kifusi ndani, linafaa kwa kimo cha mita moja hivi, ila kifusi kinasukuma tofali nje, kwa hiyo kila kozi mbili (mistari miwili ya tofali) zungusha nondo nyembamba ndani ya udongo wa saruji na kifusi ukishindilie kwa matabaka, usikimwage chote siku moja.

SWALI: Huku kwetu Kiomoni ukichimba kiganja kimoja unakuta jiwe. Nataka jiko la nje la tofali. Nipasue jiwe nipate kina? (Msomaji wa Kiomoni)

JIBU: Usipasue, wewe Mungu kakuwekea msingi tayari. Safisha jiwe mpaka liwe jeupe, lioshe, liparuze kwa nyundo, mwaga zege moja kwa moja juu yake, pale linapoinama lifanye ngazi ili zege lisiteleze.

Ila mambo mawili. Jiwe la huko ni la chokaa, lile lile la mapango ya Amboni, na chokaa huliwa na maji ikawa na matundu ndani. Pita na nyundo nzito ugonge mstari wote, panapolia kama pana uwazi pafungue uone. La pili ndio linalowaumiza wengi, nusu ya jengo juu ya jiwe na nusu juu ya udongo. Upande wa jiwe hautashuka hata nywele, upande wa udongo utashuka kidogo, na ufa utakuja pale pale zinapokutana. Kwa hiyo au chimba upande wa udongo mpaka ulifuate jiwe, au sogeza jiko likae lote upande mmoja. Kusogeza ni bure.

SWALI: Mimi niko bondeni Korogwe, udongo mweusi, kiangazi unapasuka unaingiza mkono, masika unakuwa tope. Jiko la nje na bafu vimepasuka mara mbili. Fundi kila akija anaongeza saruji. Sasa nataka kujenga upya kwa hela ndogo. (Mwalimu, Korogwe)

JIBU: Pole sana mwalimu, na nakuelewa kabisa. Udongo huo unavimba ukilowa na kunywea ukikauka, na nguvu yake ya kuvimba inainua jamvi la zege kirahisi tu kwa sababu jengo dogo halina uzito wa kuukandamiza. Ndio maana nyumba kubwa hapo jirani inaweza kuwa nzima na bafu lako limekatika. Kuongeza saruji juu ya udongo ule ule hakubadilishi kitu.

Kwa hela ndogo ushauri wangu ni uache tofali. Jiko lifanye la mbao na bati juu ya nguzo kama za yule bibie, ila zako ziende chini zaidi. Kiangazi kikiwa kimekolea chukua waya mgumu uuingize kwenye nyufa za uwanjani upime zinaingia mpaka wapi, kitako chako kikae chini ya hapo, inaweza kuwa mita moja au moja na nusu. Shina la nguzo lizungushie nailoni mikunjo miwili kabla ya kurudishia udongo ili udongo ukipanda uteleze usiibebe nguzo. Na mbao ya chini isiguse ardhi kamwe, pabaki sentimita 15 za wazi udongo upumue. Zikitokea nguzo mbili tatu zimesogea unalegeza bolti unaweka kipande cha bati nene, levo inarudi. Jengo la mbao linakubali kurekebishwa.

Bafu ni gumu kidogo maana lenyewe ndio linazalisha maji. Kama lazima liwe la tofali basi ng'oa udongo mweusi wote sentimita 90 kwenda chini na nusu mita nje ya kuta kila upande, jaza moramu (udongo wa changarawe) kwa matabaka yaliyoshindiliwa, juu yake mtaro wa zege wenye mkanda wa nondo nne. Hii sio rahisi kwa bei, nakwambia ukweli, lori za moramu peke yake zinaweza kuzidi tofali zote. Na hata ukifanya hivyo maji machafu yatoke kwa bomba lisilovuja mpaka mbali, mita tano au sita, na gata ya paa vile vile. Bomba linalovuja pembeni ya ukuta kwenye udongo huo linaharibu kazi yote. Migomba na miti inayokunywa sana usiipande karibu, inakausha upande mmoja na kule kwengine kunabaki kumelowa.

SWALI: Matairi mabovu yaliyojazwa kokoto ni kweli yanafaa kuwa msingi? (Duga)

JIBU: Kwa banda la mbao la mbuzi au kuku yanafaa, mradi umeondoa udongo wa juu, umelaza tairi ndani ya ardhi kidogo na umejaza kokoto au kifusi cha mawe ukikipiga kwa nyundo mpaka tairi livimbe likatae kuingia zaidi. Halina pa kufungia bolti, kwa hiyo upepo lazima uushughulikie kivingine, chimbia nondo ndefu pembeni iliyomwagiwa zege uifunge na mbao. Kwa tofali usijaribu. Na usiache tairi lolote likiwa tupu na wazi uwani, maji yakisimama humo mbu wanazaliana.

SWALI: Nikijenga stoo ndogo ya tofali niiweke umbali gani na ukuta wa jirani na shimo la choo langu? (Raskazone)

JIBU: Kwa jirani, usichimbe chini kuliko msingi wake ukiwa karibu naye. Chungulia kwanza msingi wake umeishia wapi. Kama lazima uende chini zaidi yake basi kwa kila sentimita unayozidi sogea nje sentimita moja na nusu, na chimba vipande vifupi, mita moja unamwaga zege, siku ya pili mita nyingine, usifungue mtaro wote mrefu pembeni ya ukuta wa mtu ukauacha wazi usiku.

Kwa shimo la choo, kama halijajengewa tofali ndani, kaa umbali usiopungua kina chake, shimo la mita tatu stoo iwe mita tatu kutoka ukingoni. Kama limejengewa vizuri na lina mfuniko wa zege unaweza kusogea mita moja na nusu, ila njia ya gari la kunyonya iache wazi, watu wanasahau hilo na wanakuja kubomoa stoo kupitisha bomba.